Kituo cha hali ya hewa juu ya roboti ya Mirihi: upepo upimwe kwa nini, na vumbi la paneli lifanyweje?

mlingoti_mfupi

Wakuu, naomba mawazo yenu. Nina muundo wa kwenye karatasi wa roboti ya magurudumu sita ya kwenda Mirihi, kilo 60, kazi yake kubwa ikiwa hali ya hewa: upepo, joto la hewa, mgandamizo wa hewa, unyevu na wingi wa vumbi angani. Inatua karibu na ikweta, inatumia sola, na inatakiwa imalize mwaka mzima wa Mirihi, yaani soli 668 (soli ni siku ya kule: saa 24, dakika 39 na sekunde 35).

Mpaka sasa nimeweka paneli ya mita za mraba 0.5, kipimaupepo cha vikombe vinavyozunguka, mlingoti wa sentimita 60 katikati ya mgongo wa roboti wenye themomita moja juu yake, baromita inayosoma mara moja kwa dakika, na brashi ya mota ya kufagia paneli. Umeme unaohitajika kwa soli moja: kompyuta na vihisi wati 2 muda wote, hita ya betri wati 3 kwa saa 15 za usiku na alfajiri, redio wati 30 kwa vipindi viwili vya dakika 10.

Nataka kujua: vikombe vitafanya kazi? Mlingoti uko sawa? Brashi inafaa, maana naona roboti zote zilizokwenda hazina? Na dhoruba za kule, kweli haziwezi kuipindua roboti ya kilo 60? Karibuni muichane.

fundi_vihisi

Vikombe toa. Sababu iko kwenye densiti ya hewa: kule ni kama kilo 0.02 kwa mita ya ujazo, huku kwetu usawa wa bahari ni 1.2. Msukumo wa upepo ni nusu ya densiti mara kasi ya pili. Upepo wa kawaida wa mita 5 kwa sekunde unakupa paskali 0.25. Kikombe chenye uso wa sentimita za mraba 20 kitasukumwa kwa nguvu ya nusu milinyutoni. Sasa weka beringi isiyo na mafuta (mafuta yataganda usiku wa nyuzi -80 au -90), halafu ipige vumbi kidogo. Msuguano utashinda, na utakuwa unasoma sifuri wakati upepo unavuma.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali la dhoruba. Mita 30 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 108 kwa saa, inatoa paskali 9. Kwa hewa ya kwetu paskali 9 ni upepo wa mita 3.9 kwa sekunde, wa kupeperusha kanga kambani. Roboti haipinduki. Dhoruba inaua kwa kuficha Jua, na hilo wenzangu wataligusa.

Kinachotumika ni kihisi cha joto: vibamba vidogo vinavyopashwa viwe na joto zaidi ya hewa, halafu unapima umeme unaohitajika kuvibakiza hapo. Upepo ukiongezeka, umeme unaongezeka. Ukilinganisha vibamba vinavyotazama pande tofauti unapata mwelekeo. Viking 1 na Viking 2, vyombo vilivyotua Mirihi, zilikuwa na vihisi vya jamii hii tangu 1976, na vilivyokuja baadaye, yaani vya vituo vya hali ya hewa REMS (kwenye roboti Curiosity), TWINS (kwenye InSight, chombo kisichotembea) na MEDA (kwenye roboti Perseverance), vyote vilivyojengwa Hispania, vinafuata wazo lile lile.

Ila jua vinavyoharibika. Curiosity ilipotua Agosti 2012, kihisi cha upepo kwenye mkono mmoja kati ya miwili kilikutwa kimeharibika. Kinachoshukiwa ni vijiwe vilivyorushwa na roketi za kushukia. Kuanzia hapo upepo wa kutoka upande mmoja ukawa wa mashaka, maana mkono mzima uliobaki ulikuwa unakingwa na mlingoti wenyewe. MEDA nayo iliumizwa na chembe zilizobebwa na upepo kwenye dhoruba ya Januari 2022. Maeneo dhaifu ni yale yale: vibamba vimekaa uchi na nyaya zake ni nyembamba mno, kwa sababu waya mnene ungevujisha joto na kuharibu kipimo. Huwezi kuvifunika bila kuua kazi yake.

Kwa hiyo: mikono miwili, ipishane nyuzi 120 kwenye mlingoti ili mmoja uwe nje ya kivuli cha upepo kila wakati. Ikunjwe chini na kufunikwa wakati wa kutua, ifunguliwe vumbi likishatulia. Kila mkono uwe na vibamba vya ziada, na kila kibamba kiwe na saketi yake. Ukiviunganisha mfululizo, waya mmoja ukikatika unapoteza mkono wote.

Halafu urekebishaji. Usiufanye kwenye hewa ya kawaida ukadhani utabadilisha namba kwa fomula. Kwenye hewa nyembamba, joto jingi linatoroka kupitia nyaya na kwa mnururisho. Linalochukuliwa na upepo ni sehemu ndogo. Tumia chemba yenye kaboni dioksidi, mgandamizo wa paskali 600 hadi 900, na upite joto kuanzia nyuzi -100 mpaka 0. Chini ya mita 1 au 2 kwa sekunde kubali kwamba mwelekeo utakuwa wa kubahatisha.

Kama akiba weka kipeperushi. Phoenix, iliyotua Mei 2008, ilikuwa na kimoja kilichotengenezwa Aarhus, Denmark: kijibomba chepesi kilichoning'inizwa kwa nyuzi za Kevlar, na kioo chini yake ili kamera ione kimeinamia wapi. Pathfinder mwaka 1997 ilikuwa na vifuko vitatu vya upepo kwenye mlingoti mmoja, kila kimoja kimo chake. Havili umeme wala havina saketi ya kuungua. Vinakula muda wa kamera tu.

baromita_na_nusu

Mimi naanzia kwenye themomita, kwa sababu hapo ndipo muundo wako utadanganya bila wewe kujua.

Adui wa kipimo cha joto la hewa Mirihi ni roboti yenyewe. Mchana mgongo wa roboti unapigwa na Jua, unakuwa na joto kuliko hewa, na hewa inayopanda kutoka pale inakwenda moja kwa moja kwenye themomita yako ya sentimita 60. Utapima joto la paneli na kuliita hali ya hewa. MEDA ilifanya hivi: vihisi vitatu kuuzunguka mlingoti kwa kimo cha mita 1.45, na vingine viwili ubavuni kwa kimo cha mita 0.84. Kwa kila kipimo unaangalia upepo unatoka wapi, unachukua kihisi kilichoko upande huo, na vilivyoko nyuma ya mlingoti unavitupa. Wewe fanya mita 1.4, vihisi vitatu, na kiwe kipande cha waya mwembamba sana kilichoshikiliwa mbali na mlingoti. Waya ukiwa mnene, unapima joto la mlingoti linalokuja kwa kupitia chuma.

Ongeza kihisi cha mnururisho kinachotazama udongo. Adhuhuri udongo unaweza kuipita hewa ya mita 1.5 kwa nyuzi 20 na zaidi, na usiku mambo yanageuka: udongo unakuwa baridi kuliko hewa. Tofauti hiyo ndiyo injini ya upepo wa mchana na ya chamchela. Ukiikosa, namba zako za upepo hazitakuwa na maelezo. Kitazame mahali ambapo kivuli cha roboti hakifiki, la sivyo utapima kivuli chako.

Baromita: mara moja kwa dakika ni polepole mno. Chamchela ya upana wa mita 25 ikisukumwa na upepo wa mita 5 kwa sekunde inakupita kwa sekunde 5. Mgandamizo unashuka kwa paskali chache hivi na kurudi, na wewe ulikuwa umelala. Soma mara moja kwa sekunde kama kiwango cha chini. InSight ilikuwa na uwezo wa mara 20 kwa sekunde.

Mabadiliko ya polepole nayo si madogo. Ndani ya kreta ya Gale, inakotembea Curiosity, mgandamizo unapanda na kushuka kwa takribani asilimia 10 ndani ya soli moja, bila dhoruba yoyote. Na katika mwaka unacheza kwa robo hivi, kwa sababu kaboni dioksidi, ambayo ni asilimia 95 ya hewa yote, inaganda kwenye ncha wakati wa baridi na kurudi angani joto likija. Viking ndizo zilizolionyesha hili. Kwa hiyo kihisi kiweze kusoma kuanzia paskali 500 hadi 1,100, na kiwe na ubora wa sehemu ya kumi ya paskali.

Vihisi vya mgandamizo na unyevu vya Curiosity na Perseverance vimetoka Taasisi ya Hali ya Hewa ya Finland. Ni vya kapasita, vidogo, havili umeme mwingi. Tabu yao ni kupata joto vinapowashwa, na usomaji wao kuhamahama taratibu kadiri miezi inavyopita. Weka viwili: kimoja cha kila siku, kingine unakiwasha mara moja moja ili ukague kile cha kwanza. Mrija wa kuingizia hewa uwe na kichujio cha vumbi, na mdomo wake usielekee kwenye upepo moja kwa moja, maana msukumo wa upepo utajiongeza kwenye usomaji.

Unyevu: mchana utasoma karibu sifuri, usishangae. Data yenye maana ni ya usiku wa manane hadi alfajiri, na ndani yake ni zile sekunde chache za mwanzo baada ya kuwasha, kabla kihisi hakijajipasha na kukausha hewa inayokizunguka. Kiwashe, soma, zima.

tau_nusu

Sasa umeme, ambao ndio utakaoamua kama utafika soli 668.

Matumizi yako: 2 × 24.66 = wati-saa 49. Hita 45. Redio 10. Jumla kama 105 kwa soli, kabla hujatembea hata mita moja.

Mapato: mwanga wa Jua juu ya anga ya Mirihi ni wastani wa wati 590 kwa mita ya mraba (493 sayari ikiwa mbali na Jua, 717 ikiwa karibu). Kwa ikweta hiyo ni wati-saa 4,600 hivi kwa soli. Anga likiwa na tau (kipimo cha vumbi la angani linavyoziba mwanga) ya 0.5, ambayo ni siku nzuri, chukua 3,500 zinazofika chini. Zidisha kwa mita za mraba 0.5, kwa ufanisi wa asilimia 28, kisha toa robo kwa nyaya, betri na pembe mbaya. Unabaki na 370. Siku ya kwanza wewe ni tajiri.

Halafu vumbi linaanza kukaa. Sojourner, ile roboti ndogo ya Pathfinder, ilipoteza asilimia 0.28 kwa soli. Hakuna mfagiaji, fanya 370 mara 0.9972 kwa nguvu ya idadi ya soli. Soli ya 300 una 160. Soli ya 450 una 105, yaani mapato sawa na matumizi. Soli ya 668 una 57. Unakufa katikati ya safari hata dhoruba isipokuja. InSight ilifuata njia hiyo hiyo: ilianza Novemba 2018 ikiwa na wati-saa 5,000 kwa soli, katikati ya 2022 ilikuwa na 500, na mara ya mwisho kusikika ni Desemba 15, 2022.

Chamchela zinaweza kufagia, lakini usiziweke kwenye bajeti. Machi 2005 paneli za roboti Spirit zilitoka kwenye asilimia 60 hivi hadi 93 kwa mkupuo. InSight ilipitiwa na chamchela nyingi sana, baromita ikazinasa, na paneli zikabaki chafu.

Brashi: vumbi la kule ni la mikroni chache tu na linang'ang'ania kwa umeme tuli. Brashi inalisambaza kuliko kuliondoa, na inakwaruza kioo. Mota yake inataka hita yake, na mkono wake unaweza kukwama katikati ya paneli ukawa kivuli cha kudumu. Kilo utakazotumia hapo, nunulia paneli zaidi. Ndiyo hesabu waliyoipiga wengine, na naikubali.

Kuna ujanja mmoja uliofanya kazi. Mei 2021 InSight ilichota mchanga kwa koleo la mkono wake ikaumwaga polepole pembeni mwa paneli wakati upepo wa mchana unavuma. Chembe kubwa ziliruka juu ya paneli zikaondoka na vumbi jepesi. Faida ilikuwa takribani wati-saa 30 kwa soli. Kwa mtu mwenye 105 hiyo si haba, ila unahitaji mkono na koleo, na wewe huna.

Ushauri wangu wa kwanza: ondoa hita ya umeme. Spirit na pacha wake Opportunity kila moja ilikuwa na vidonge 8 vya joto la mionzi, kila kidonge wati 1, bila waya wala swichi. Weka vitatu au vinne ndani ya sanduku la elektroniki lililofunikwa kwa aerojeli (kizuia-joto chepesi sana). Matumizi yanashuka hadi 60, na mstari wa kifo unasogea kutoka soli ya 450 hadi ya 650. Ukiongeza paneli ifike mita za mraba 0.7 unavuka 700. Ukiongeza paneli peke yake bila vidonge, unafika 570 tu. Kata matumizi kwanza.

Betri ya litiamu usiichaji ikiwa chini ya nyuzi -20 hivi. Kutoa umeme kwenye baridi itastahimili, kuchaji haistahimili: litiamu inajipaka kama metali kwenye elektrodi na betri inaharibika kimyakimya. Saketi ya kuchaji iwe na kizuizi chake cha joto kisichotegemea kompyuta.

Na kila hita itakayobaki iwe na swichi mbili mfululizo. Opportunity ilikuwa na hita kwenye bega la mkono wake iliyogoma kuzima tangu ilipotua, ikabidi roboti nzima izimwe kila usiku ili kuinyima umeme.

jenereta_moto

Mnamtesa mwenzenu na hesabu za vumbi wakati jibu liko wazi. Jenereta ya plutoni kama ya Curiosity: wati 110 usiku na mchana, nusu ya plutoni-238 inachukua miaka 87.7 kuisha, vumbi haliihusu. Curiosity inatembea tangu 2012. Roboti nyingi za sola zimekufa kwa kukosa umeme. Zhurong ya China ililala Mei 2022 kusubiri baridi ipite, haikuamka.

baromita_na_nusu

Ile jenereta ina kilo 45, mkuu, na roboti yake ni kilo 60 nzima. Tuseme hata uzito si tatizo. Ili itoe wati 110 za umeme inazalisha joto la wati 2,000. Juu ya roboti ya kilo 900 hiyo inavumilika, na bado watu wa REMS hulazimika kuchuja data upepo ukitoka upande wa jenereta. Juu ya roboti ndogo yenye mlingoti wa mita 1.4 ni kupima hali ya hewa ukiwa umekaa juu ya jiko. Kwa jiolojia ningekuunga mkono. Kwa roboti ambayo kazi yake ni joto la hewa, sola pamoja na vidonge vya wati 1 ni bora.

gurudumu_sita

Hakuna aliyegusa kutembea, na kwa roboti ya sola kutembea ni sehemu ya umeme.

Kilo 60 kule zinalemea kwa nyutoni 223, yaani 37 kwa kila gurudumu. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 na upana wa 12, likizama kidogo hadi ligusane na udongo kwa urefu wa sentimita 5, linakandamiza kwa kilopaskali 6 hivi. Inafaa. Usilipunguze upana kuokoa gramu.

Ganda la gurudumu la Curiosity ni alumini ya milimita 0.75. Mwaka 2013 lilianza kutoboka. Mawe yenye ncha yaliyoshikamana na ardhi hayasogei, na magurudumu mengine matano yanalisukuma lililokwama dhidi ya ncha. Perseverance ikapewa ganda nene zaidi na meno 48 yaliyopinda kidogo badala ya 24 ya zigizaga. Kwa kilo zako 60 tatizo la kutoboka ni dogo. Lako ni mchanga.

Weka sheria ya mtelezo ndani ya programu: kila baada ya nusu mita kamera ilinganishe picha mbili, ione imesogea kiasi gani kweli, kisha ilinganishe na mizunguko ya magurudumu. Mimi ningesimamisha safari mtelezo ukipita asilimia 40, bila kusubiri amri. Ishara inachukua dakika 3 hadi 22 kwenda tu, kutegemea sayari ziko wapi, na amri kwa kawaida ni mara moja kwa soli. Ukisubiri binadamu aone, gurudumu limeshajichimbia.

Spirit ilizama mwaka 2009 pahali palipoitwa Troy: ukoko mwembamba juu, chini yake mchanga laini wa salfeti. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa limekufa tangu 2006. Kilichoimaliza ni kwamba ilishindwa kujigeuza paneli zitazame Jua la majira ya baridi, na baada ya Machi 22, 2010 haikusikika. Miaka iliyotangulia ilivuka baridi kwa kupaki kwenye miteremko inayotazama kaskazini, kwa kuwa ilikuwa kusini mwa ikweta. Kwako ikweta inasaidia, ila bado kila jioni tafuta pa kupaki paneli zikitazama Jua la asubuhi. Roboti iliyochajiwa mapema inaacha hita mapema.

Kingine: kabla ya kupaki, chagua pua ielekee wapi kwa ajili ya upepo. Upepo wa usiku unaoshuka mteremko unatabirika. Weka mikono ya upepo upande huo na mwili wa roboti nyuma yake. Na kihisi kimoja kikifa, geuza roboti nzima nyuzi 120 kila baada ya soli kadhaa. Hiyo ndiyo faida yako juu ya kituo kisichotembea.

mlingoti_mfupi

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotegemea. Nimebadilisha: mikono miwili ya vibamba vya joto, kipeperushi, mlingoti wa mita 1.4 wa kukunjwa, themomita tatu, baromita mbili zikisoma mara 20 kwa sekunde muda wote, vidonge 4 vya joto, paneli mita za mraba 0.7, brashi nimeitoa. Mawili yamebaki. Dhoruba kubwa ikija nifanyeje? Na kupima vumbi la angani, photodiodi (kihisi cha mwanga) inayotazama juu inatosha?

tau_nusu

Dhoruba: mwanga wa moja kwa moja unashuka kwa e kwa nguvu ya hasi tau. Tau 0.5 inakuachia asilimia 61, tau 1 asilimia 37, tau 5 chini ya asilimia 1. Kinachokuokoa ni mwanga uliotawanywa na vumbi lenyewe. Kwa tau 5 jumla bado inaweza kuwa robo hivi ya kawaida. Mwaka 2018 Opportunity ilipima tau 10.8 na kubaki na wati-saa 22 kwa soli. Ilisikika mara ya mwisho Juni 10, ikiwa imeshatembea kilomita 45.

Msimu wa vumbi unaanza mwanzo wa majira ya vuli ya kaskazini, usiku na mchana vikilingana. Ukitua mwanzo wa machipuko ya kaskazini, unakutana nao soli ya 372, paneli zikiwa asilimia 35. Kwa muundo wako mpya hiyo ni wati-saa 180 hivi. Kata robo tatu, una 45 dhidi ya 60. Upungufu wa 15 kwa soli. Dhoruba ya eneo moja ya wiki moja au mbili utaimudu kwa betri ya wati-saa 250. Ile ya sayari nzima, kama ya 2001, 2007 au 2018, hutaimudu ukiwa macho.

Kwa hiyo panga kufa na kufufuka. Betri ikishuka chini ya kiwango, kata kila kitu isipokuwa vidonge. Paneli ikirudi kutoa umeme na betri ikiwa na joto la kutosha, saketi ya kuchaji ianze yenyewe, na kompyuta iwashwe betri ikifika nusu. Zhurong ilipangiwa hivyo: iamke joto likizidi nyuzi -15 na umeme ukizidi wati 140. Mantiki ilikuwa sahihi, vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo viwango vyako viweke chini kadiri vifaa vinavyoruhusu.

Saa yako itakuwa imefutika. Mwanzoni mwa Mei 2022 helikopta Ingenuity, mwenzake Perseverance, ilikosa umeme usiku, saa yake ikajirudisha mwanzo, ikawa inaamka wakati Perseverance haisikilizi. Ilibidi Perseverance isikilize karibu soli nzima kuipata. Andika ndani ya programu: nikiamka bila saa, nasikiliza satelaiti zilizoko juu dakika chache kila saa, Jua likiwa limetoka.

Photodiodi peke yake haitoshi, kwa kuwa inafunikwa na vumbi na hutajua kama giza ni la angani au la kwenye kioo. REMS iliwekewa sumaku kuzunguka photodiodi zake kuvuta vumbi pembeni. Zilisaidia, ila hazikumaliza tatizo. Piga picha ya Jua kupitia kichujio kizito, mara moja asubuhi na mara moja adhuhuri. Kwa kulinganisha Jua la chini na la juu unapata tau bila kujali kioo ni kichafu kiasi gani, halafu tau hiyo inairekebisha photodiodi.

baromita_na_nusu

Usitume mara 20 kwa sekunde zote. Soli moja ni sekunde 88,775. Kwa baiti 3 kila usomaji na baromita moja tu, ni megabaiti 5.3, sawa na megabiti 43. Kipindi kimoja cha satelaiti cha dakika 8 kwa kilobiti 128 kwa sekunde kinapitisha 61. Umemaliza theluthi mbili kwa baromita. Hifadhi zote kwenye kumbukumbu kwa soli 10, tuma wastani wa kila sekunde, na programu iweke alama mgandamizo ukishuka zaidi ya paskali 0.5 ndani ya sekunde 30. Vipande hivyo ndivyo unavyoviagiza kwa ukamilifu wake, sekunde 60 kabla na 60 baada. Baromita ya pili zima, iwashe kila soli ya kumi.

Pia kila usomaji ubebe saa ya roboti yenyewe na usiubandike saa ya wastani ya Mirihi peke yake. Jua la kweli linaitangulia au kuichelewa saa ya wastani kwa hadi dakika 50, kwa kuwa mzunguko wa sayari ile umevutika. Ukichora grafu ya mwaka kwa saa ya wastani, kilele cha joto kitaonekana kinatembea karibu saa moja na nusu, na utaanza kukitafutia sababu angani wakati ni kalenda tu. Geuza kuwa saa ya Jua la kweli baadaye, huku chini.